Billy Tipton: mpiga piano aliyeukimbia umaarufu

Tarehe 21 Januari mwaka 1989, katika mji wa Spokane ulioko kaskazini-magharibi ya Marekani, mzee mmoja wa miaka 74 alizidiwa ndani ya nyumba ya magurudumu aliyokuwa akiishi na mwanawe. Kijana aliwaita watu wa gari la wagonjwa. Walipofika walimfungua shati ili wapate kumhudumia, na hapo wakakiona kitu ambacho kijana mwenyewe, aliyelelewa na mzee huyo tangu udogoni, hakupata kukijua. Mzee alikuwa na maumbile ya kike. Roho haikurudi, na haukupita muda habari hiyo ikawa imevuka milima ya Washington ikatapakaa magazetini.

Mzee huyo ndiye Billy Tipton, mpiga piano na saksafoni, kiongozi wa bendi, mwenye santuri mbili za jazi na yapata miaka 40 ya kuwachezesha watu dansa usiku. Magazeti ya siku zile yaliandika sana juu ya mwili wake. Juu ya vidole vyake yaliandika machache, na juu ya gharama aliyoilipa kwa siri yake yaliandika machache zaidi. Kwangu mimi hayo mawili ya mwisho ndiyo yenye maana, na ndiyo nitakayoyafuata.

Lakini kwanza tuafikiane juu ya lugha. Waandishi wa Kiingereza walipata taabu moja katika habari hii ambayo sisi Waswahili hatuna. Katika lugha yao huwezi kumtaja mtu asiyekuwapo ila uamue kwanza ni mwanamume au ni mwanamke, na watu wamegombana miaka mingi juu ya neno dogo la kumtajia Tipton. Kiswahili hakimbani mtu hivyo: alikuja, alipiga, alikufa, basi. Ziko sehemu chache ambapo hata sisi hatuna budi kuchagua, kama vile baba na mume. Hapo nitawafuata wanawe, ambao hawakumjua kwa jina jingine ila baba. Ama jina alilopewa na wazazi wake alipozaliwa, limekwisha kuchapwa mara nyingi na si siri tena. Hata hivyo sitaliandika, maana mwenyewe aliliweka kando zaidi ya miaka 50, wala hakuna santuri hata moja iliyotoka kwa jina hilo.

Na wasomaji waliopita chuoni watakumbuka mlango wa huntha katika vitabu vya fikihi, yule aliyezaliwa na alama mbili, na jinsi wanavyuoni walivyoshughulika na mirathi yake na safu yake msikitini. Tipton hakuwa huyo. Alizaliwa akahesabiwa msichana, akakua, kisha akaishi mwanamume. Hukumu ya jambo hilo ina wenyewe, na ukurasa huu si mahali pake. Hapa tunasimulia maisha ya mtu.

Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1914 katika mji wa Oklahoma City. Babaye alikuwa rubani, katika siku ambazo ndege bado ilikuwa kioja, na mara nyingine akiwarusha watu angani kwa malipo. Wazazi waliachana, na mtoto akapelekwa kulelewa kwa jamaa katika mji wa Kansas City, jimbo la Missouri. Babaye alimwona kwa nadra.

Kama kuna mahali pamoja palipoyaamua maisha yake, basi ni hapo Kansas City. Mji ule katika miaka ya 1920 na mwanzo wa 1930 ulikuwa mikononi mwa bwana mmoja wa siasa aitwaye Tom Pendergast, na chini ya mkono wake sheria za pombe na za saa za kufunga zililala usingizi mzito. Vilabu vilikuwa wazi mpaka alfajiri. Penye vilabu pana wapiga muziki, na penye wapiga muziki wengi pana mashindano, basi Kansas City ikawa shule kubwa ya jazi. Hapo ndipo Bennie Moten alipokuwa na bendi yake, na Count Basie akatokea hapo kwenda kuwa bingwa wa dunia. Hapo pia Mary Lou Williams, mwanamke mweusi mwenye kipaji cha ajabu, alikuwa akipiga piano na kuitungia nyimbo bendi ya Andy Kirk. Huyo Mary Lou tumkumbuke, maana tutamhitaji mbele.

Mtoto wa Oklahoma alijifunza piano na saksafoni, na wenzake wa skuli wakamwita Tippy. Mwaka wa mwisho wa masomo alirudi Oklahoma, akamalizia huko na kupiga katika bendi ya skuli. Kisha akatoka kutafuta kazi.

Saa aliyotoka ilikuwa mbaya kuliko zote. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka tangu 1929, mabenki yamefungwa, na mashamba ya Oklahoma yalikuwa karibu kupeperushwa na vumbi. Watu wazima wenye ufundi walikuwa wakipanga foleni ya mkate. Msichana wa miaka 18 anayetaka kupiga jazi alikuwa na milango miwili mitatu tu: aimbe mbele ya bendi akiwa amevaa gauni la kumeremeta, au aingie katika bendi za wanawake watupu ambazo wenye vilabu walizichukulia kama mchezo wa kuchekesha macho. Kukaa katikati ya wanaume na saksafoni mkononi ilikuwa jambo jingine kabisa. Ni kweli yuko Mary Lou Williams. Lakini Mary Lou alikuwa mmoja, na aliingia bendi ya Kirk akifuatana na mumewe aliyekuwa mpiga saksafoni humo.

Mwaka 1933 Tipton alikata shauri. Alijifunga kifua kwa kitambaa, akavaa suti, akanyoa nywele, akaenda kuomba kazi. Akaipata. Jina akajiita Billy Lee Tipton.

Mwanzo suti ilikuwa ya jukwaani. Nje ya kazi aliendelea kwa muda kuishi kama alivyozaliwa, pamoja na mwanamke mmoja aliyeandamana naye kuanzia 1934 hadi 1942, na wapiga muziki wenzake wa Oklahoma walijua mambo yalivyo. Lakini kadiri alivyokwenda mbali na nyumbani ndivyo suti ilivyozidi kutovuliwa. Ilipofika 1940 alikuwa mwanamume usiku na mchana, mbele ya watu na nyumbani. Katika ukoo wake walibaki binamu wawili wa kike aliokuwa akiwasiliana nao, wakijua mwanzo na mwisho wa habari. Binamu hao walinyamaza muda wote wa uhai wake. Sijui kama yupo aliyewashukuru, maana vitabu vinawapita haraka haraka, lakini mimi nawahesabu miongoni mwa watu wakubwa wa kisa hiki.

Kazi yenyewe haikuwa ya anasa. Mwaka 1936 alikuwa akiongoza bendi iliyopiga katika redio ya KFXR. Mwaka 1938 aliingia katika kikundi kilichopiga muziki wa kimashamba wenye mdundo wa dansa, wakisikika katika redio ya KTOK. Mwaka 1940 alikuwa njiani katika majimbo ya kati, leo dansa mji huu, kesho mji mwingine. Mwaka 1941 akatulia Joplin, jimbo la Missouri, katika klabu iitwayo Cotton Club pamoja na bendi ya George Mayer, na hapo alikaa miaka miwili na nusu. Vita vilipopamba moto, serikali ilijenga kambi kubwa ya jeshi karibu na hapo, na askari waliopewa ruhusa walikuwa wakitafuta muziki na pa kutumia mishahara yao. Baada ya Joplin akazunguka na bendi ya Ross Carlyle, kisha akapiga Texas miaka miwili.

Hapa lazima niseme jambo ambalo waandishi wengi wa kisa hiki wanalipita. Tipton alikuwa Mzungu. Mabingwa aliowaiga aghalabu walikuwa weusi, na katika Marekani ya siku zile mweusi mwenye kipaji mara mbili yake alikuwa akilala ndani ya gari kwa kukosa hoteli ya kumpokea. Siri ya Tipton ilikuwa nzito, lakini ilikuwa siri inayofichika chini ya shati. Rangi ya Mary Lou Williams haikuwa na shati la kuifunika.

Aliifichaje? Kwa hadithi moja nyepesi, ambayo hakuibadilisha hata siku moja. Aliwaambia watu kwamba alipata kuumia vibaya katika ajali ya gari, mbavu zikaharibika, na kwamba kifua chake hakina budi kufungwa bendeji daima. Mlango wa choo aliufunga kwa ufunguo. Katika maisha yake wanawake watano, mmoja baada ya mwingine, walijulikana kama Bibi Tipton, ingawa hapana hata mmoja aliyekuwa na hati ya ndoa. Wa kwanza alijua. Waliomfuata walisema hawakujua, na watu wengi wakawacheka kwa kauli hiyo. Mimi siwacheki. Yanayopita baina ya watu wawili chini ya dari moja hayana shahidi, na mwanamke anayesema mumewe alikuwa mpole, asiyepiga wala kutukana, na kwamba hilo lilimtosha, ana haki ya kusadikiwa.

Mwaka 1949 alikwenda na George Mayer mpaka majimbo ya kaskazini-magharibi, nchi ya misitu na theluji. Walipofika Roseburg, katika jimbo la Oregon, stesheni ya redio ya hapo iliwarekodi wakipiga katika klabu iitwayo Shalimar Room. Tunabahatika kwamba rekodi hizo zilihifadhiwa, maana ndizo zinazomwonyesha akiwa bado anataka kwenda mbio. Piano yake imetoka moja kwa moja kwa Teddy Wilson, yule mpiga piano mweusi aliyepiga na Benny Goodman tangu katikati ya miaka ya 1930. Msomaji aliyezoea taarabu amfikirie mpiga kanuni hodari: mkono mmoja unashika mwendo bila kuyumba, mwingine unamwaga sauti kama shanga zilizokatika uzi, moja moja, safi, pasipo hata moja kuikanyaga nyenzake. Ndivyo alivyopiga Wilson, na ndivyo alivyotaka kupiga Tipton. Aliigiza kwa bidii mno, na hilo ndilo lililokuwa dosari yake. Ukimsikiliza kwa makini unamsikia mwalimu wake kwanza, ndipo unamsikia yeye. Huko kaskazini-magharibi bendi ya Mayer ilipata kupiga mahali pamoja na watu wenye majina, miongoni mwao Billy Eckstine na kundi la Ink Spots.

Mwaka 1951 aliachana na bendi za watu, akapiga piano peke yake katika mji wa Longview, jimbo la Washington, kisha akaunda kikundi chake cha watu watatu: yeye kwenye piano, mmoja kwenye ngoma, mmoja kwenye besi. Hawakupiga muziki tu. Walikuwa na vichekesho, na Tipton alikuwa fundi wa kuwaigiza watu mashuhuri, kama Liberace na, baadaye, Elvis Presley, hadi watazamaji wakashika mbavu. Inastaajabisha kidogo kwamba mtu mwenye jambo kubwa la kuficha alisimama kila usiku penye taa kali akawaalika watu wamkazie macho. Lakini labda ndiyo hila yenyewe. Mtu anayechekesha hapati kuchunguzwa.

Mwaka 1956, walipokuwa wakipiga Santa Barbara, California, aliwasikia mjumbe wa kampuni ya santuri iitwayo Tops. Hii ilikuwa kampuni ndogo yenye kuuza santuri za bei nafuu. Wakapelekwa kurekodi, na mwanzoni mwa 1957 zikatoka santuri mbili, moja ikiitwa Sweet Georgia Brown na ya pili Billy Tipton Plays Hi-Fi on Piano. Zote ni nyimbo ambazo kila mpenzi wa jazi alikwisha kuzijua. Katika mwaka huo ziliuzwa nakala 17,678, na kwa kampuni ya kadiri ile hesabu hiyo si haba. Umri wake ulikuwa miaka 42. Alikuwa amesota zaidi ya miaka 20 katika barabara za vumbi na za theluji, akilala nyumba za wageni, akipiga mbele ya walevi wasiojua piano na ngoma. Sasa mlango ulikuwa umefunguka.

Mwaka 1958 yakamjia mambo mawili kwa pamoja. Hoteli mpya ya kamari katika mji wa Reno, jimbo la Nevada, iliitaka bendi yake iwe bendi ya nyumba. Na kampuni ya Tops ikataka arekodi santuri nne nyingine.

Akakataa yote mawili.

Wenzake katika bendi hawakuelewa. Kwa mpiga muziki wa kuzunguka, Reno ilikuwa mshahara wa uhakika, kitanda kimoja, na watu wakubwa wa sanaa wakipita mbele yako kila wiki. Na santuri nne juu ya mbili ni sita, na mwenye santuri sita huanza kuulizwa na waandishi alizaliwa wapi, alisoma wapi, nani nduguze. Picha yake hutundikwa. Picha hiyo huweza kufika Oklahoma City, mikononi mwa mtu aliyesoma naye darasa moja. Tipton hakuacha maandishi ya kueleza kwa nini alikataa, na wako wasemao alikuwa amechoka tu na njia. Mimi kwa hesabu yangu naona alipima. Upande mmoja wa mizani palikuwa na jina, ambalo kila msanii hulitamani hata akisema halitaki. Upande wa pili palikuwa na maisha ya kawaida ya mwanamume wa kawaida. Alilichagua la pili, na akalifuata huko lilikokuwa, mji wa Spokane, kazi ya uwakala wa wanamuziki.

Huko alikuwa akiwatafutia wengine shughuli za kupiga, na bendi yake ikipiga kila wiki katika klabu moja ya mjini. Wateja walitaka nyimbo za zamani za dansa, naye akawapa, ingawa moyo wake ulikuwa kwenye jazi. Mtu aliyezililia shanga za Teddy Wilson akamaliza miaka yake akipiga walichoagiza wanywaji. Yeye lakini hakusikika akinung'unika.

Mwaka 1961 alianza kuishi na mwanamke ambaye zamani alikuwa mchezaji katika vilabu, naye ndiye Bibi Tipton wa tano. Wakachukua watoto watatu wa kiume wakawalea. Majirani waliwajua kama watu wa heshima, wanaohudhuria mikutano ya wazazi skulini na kujishughulisha na maskauti. Picha za miaka hiyo zimebaki: baba mfupi mwenye uso wa mviringo, tai shingoni, watoto wamemzunguka. Ukizitazama huoni kitu cha ajabu, na hilo, nadhani, ndilo alilolitoa Reno kulinunua.

Watoto walipobaleghe nyumba ikatingishika, kama zinavyotingishika nyumba nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mume na mke waliachana, na Tipton akahamia nyumba ya magurudumu pamoja na wanawe. Wakati huo huo baridi yabisi ikamwingia vidoleni. Kwa mpiga piano hakuna msiba mkubwa kuliko huo. Akaacha muziki, na kwa kuacha muziki akaacha chumo.

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu ndipo penye jibu la swali kubwa la kisa hiki. Tangu alipokufa watu wamegawanyika. Wako wanaosema alivaa suti ili apate kazi, basi. Alikuwa mwanamke mwerevu aliyeidanganya dunia iliyomnyima riziki. Mwandishi Diane Middlebrook, aliyeandika kitabu kikubwa cha maisha yake mwaka 1998, aliegemea upande wa kuyaona kama uigizaji, mchezo wa jukwaani uliodumu umri mzima. Wako wengine, na siku hizi ndio wengi, wanaosema hakuigiza kitu: alikuwa mwanamume kwa alivyojijua mwenyewe, na suti ilikuwa nguo yake tu. Hoja ya riziki ina nguvu, nami nimeieleza juu. Lakini hoja hiyo inaishia pale vidole vilipokakamaa. Baada ya hapo hapakuwa na kazi ya kulinda, wala bendi, wala klabu. Angetaka kurudi angerudi, kwa binamu zake wawili waliojua, katika jimbo ambalo hapana aliyemkumbuka tena. Hakurudi. Alibaki baba katika nyumba ya magurudumu, maskini, miaka kumi zaidi. Riziki haiwezi kuyaeleza hayo.

Na iko gharama ya mwisho, iliyokuwa kubwa kuliko Reno. Tipton hakuwa akienda kwa daktari. Alipoanza kuumwa, alidhani ni mapafu yaliyoharibiwa na sigara za miaka mingi, akakataa kabisa aletewe tabibu. Kumbe yalikuwa vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, maradhi ambayo mwaka 1989 hospitali ilikuwa na njia nyingi za kuyakabili. Daktari angemwambia avue shati. Kwa hiyo alilala na maumivu yake mpaka damu ikamwisha nguvu, na yule kijana akawaita watu wa gari la wagonjwa saa ambayo haikufaa tena.

Yaliyofuata si mazuri kuyasimulia, na nitayasimulia kwa ufupi. Bibi Tipton wa tano alifanya haraka maiti ichomwe, kama wafanyavyo wengi huko, ili jambo life pale pale. Halikufa. Siku moja tu baada ya maziko gazeti lilitoa habari, na mashirika ya habari yakaichukua. Magazeti ya porojo na vipindi vya televisheni vikaja na fedha mkononi, na watu wa nyumba ile ile, bibi na mmoja wa wana, wakasema hadharani. Walikuwa wameachwa na ufukara, na sina ulimi wa kuwalaumu sana. Lakini mtu aliyezoea desturi zetu hawezi kusoma sehemu hii bila kuona vibaya. Kwetu muosha maiti hufunzwa kwamba alichokiona penye kitanda cha kuoshea hubaki hapo hapo, kiwe kovu au kasoro au ajabu yoyote. Muosha huoshwa. Siri ambayo Tipton aliilinda zaidi ya miaka 50, akailipia kwa jina na kwa afya, iliuzwa kabla ya mwezi kwisha.

Urithi nao ulileta maneno. Alikuwa ameacha wosia mbili, mmoja kwa mkono wake na mwingine wa kiofisi, kila mmoja ukimpa mtoto tofauti. Mahakama ikaupitisha ule wa mkono. Yule kijana aliyekuwa naye siku ya mwisho alirithi karibu vyote, na wenzake wawili wakapata dola moja moja. Vyote vyenyewe havikuwa vingi.

Tangu hapo jina alilolikimbia 1958 limemfuata kaburini. Kikundi cha wanawake wapiga saksafoni huko Seattle kilijiita kwa jina lake. Mwaka 1998 mwandishi wa Uskoti, Jackie Kay, ambaye babaye ni Mnijeria, alitoa riwaya iitwayo Trumpet, iliyochukua mbegu yake katika kisa hiki. Ndani ya riwaya mpiga muziki ni mtu mweusi wa Uskoti, mpiga tarumbeta, na uzito wote wa kitabu uko kwa walioachwa: mjane anayejua, na mtoto asiyejua ambaye hasira zinamtafuna. Ni kitabu kizuri, na anayesoma Kiingereza akitafute.

Mwaka 2020 ikatoka filamu ya Kanada iitwayo No Ordinary Man. Watengenezaji waliwaalika waigizaji waliopitia njia kama ya Tipton, waliozaliwa wakahesabiwa wasichana na sasa wanaishi wanaume, waje wajaribu kumwigiza: anavyoingia klabuni, anavyoketi kwenye piano, anavyozungumza na mwenye bendi. Mwanawe aliyepewa jina la babaye, yule yule aliyekuwapo siku ile ya Januari, naye yumo katika filamu. Sasa ni mtu mzima mwenye mvi. Kwa miaka 30 alikuwa akiulizwa na watu wa televisheni swali moja tu, iliwezekanaje asijue. Safari hii aliambiwa kwamba wako watu, naye hawajui, ambao babaye kwao ni fahari, na anaonekana pale amekaa kimya, akisikiliza.